Anakuja Nani? Kuhusu Vitenzi Vikomo na Visokomo

Chama chetu kina makundi mawili, na kila anayehudhuria vikao vyetu vya Jumamosi huyatambua kabla hajaketi. Kundi la kwanza ni la waliozaliwa au kukulia huku Vaughan. Hawa wanahesabu, wanagombana na wanaota kwa Kiingereza. Kiswahili wamekipata jikoni kwa mama na sebuleni kwa bibi. Kundi la pili ni la waliofika Kanada wakiwa watu wazima, kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Goma, Bukavu na kwingineko. Hawa Kiswahili kinawatoka kama maji, lakini wakiandikiwa "grammar" kwa wino mwekundu pembeni ya insha zao, hawaambiwi ni sarufi ipi.

Kwa muda mrefu tulidhani matatizo ya makundi haya hayahusiani. Muhula huu tulikusanya sentensi zilizowasumbua wenzetu wa pande zote mbili, tukaziandika kwenye ubao mmoja, na tukaona jambo ambalo halikuwa limesemwa na yeyote kati yetu: mahali pale pale ambapo watoto wa Vaughan wanateleza katika Kiswahili ndipo wageni wanapoteleza katika Kiingereza. Mahali hapo ni mpaka kati ya vitenzi vikomo na vitenzi visokomo. Tumeona tuandike tulichojifunza, kwa faida ya wanachama wapya, na ili walimu wetu watusahihishe panapostahili.

Tuanze na maana. Neno la Kiingereza "finite" limetokana na Kilatini, na linamaanisha kitu kilichowekewa mpaka. Kitenzi kikomo basi ni kitenzi kilichowekewa mipaka ya nafsi na wakati. Tukisema "anasoma", a- inatuambia ni nani, na -na- inatuambia ni lini. Tukisema "kusoma", mipaka hiyo imeondolewa. Anasoma nani? Hatujui. Lini? Hatujui. Limebaki tendo lenyewe, halina mwenyewe wala saa. Hicho ndicho kitenzi kisokomo, na kwa kuwa kinafanya pia kazi ya nomino, wengi wetu tulifundishwa kukiita kitenzijina.

Katika Kiswahili mpaka huu unaonekana kwa macho. Kiambishi cha nafsi kipo au hakipo. Mtoto wa darasa la nne anaweza kupigia mstari vitenzi vikomo vyote katika ukurasa bila kuelewa habari yenyewe, kwa kutafuta ni-, u-, a-, tu-, m-, wa- na ndugu zao wa ngeli nyingine. Kiingereza hakina ukarimu huo. "I read", "we read" na "they read" vyote ni kitenzi kikomo, lakini neno ni lile lile linalotokea katika "to read", ambacho ni kisokomo. Alama pekee ya nafsi iliyobaki katika vitenzi vya kawaida ni ile s ndogo ya "she reads", nayo hutoweka mara tu tunapohamia wakati uliopita. Ndiyo maana mgeni anaweza kuishi na Kiingereza miaka kumi bila kuona mpaka huu, kama mtu anayevuka Barabara ya Steeles kila siku bila kujua kwamba upande mmoja ni Toronto na upande wa pili ni Vaughan.

Kuna jaribio moja ambalo limetusaidia sana, nalo halihitaji istilahi. Chukua sentensi ya Kiingereza, iondoe leo uipeleke jana, kisha tazama ni neno gani limebadilika. "She wants to go" itakuwa "She wanted to go". Kilichobadilika ni "wants". Hicho ndicho kikomo. "To go" imebaki ilivyo kwa sababu haijui habari za jana wala leo. "He likes swimming" itakuwa "He liked swimming". "They are tired of waiting" itakuwa "They were tired of waiting". Neno linalosikia wakati ni kikomo. Lisilosikia ni kisokomo. Kiingereza kina visokomo vya aina tatu tu vya kukumbuka: kile cha "to" au kile kinachokaa uchi bila "to" baada ya maneno kama "can" na "must", kile cha "-ing", na kile cha "gone", "written", "broken".

Sasa tuje kwenye mtelezo wenyewe. Mwenzetu mmoja wa kundi la Vaughan alikuwa akizungumza na bibi yake, mzaliwa wa Unguja. Vaughan ina wazee wengi wa namna hiyo. Waumini wanaoswali katika Jaffari Community Centre, kwenye Barabara ya Bathurst, ni pamoja na familia nyingi zenye asili ya Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Kampala. Baadhi walifika nchi hii baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia kutoka Uganda mwaka 1972, wengine kabla au baadaye kwa sababu nyingine. Nyumbani wanazungumza Kikutchi au Kigujarati, na Kiswahili chao ni cha mtu aliyecheza nage na watoto wa mtaani. Mwenzetu alimwambia bibi, "Nataka wewe kuja chuoni kwetu Ijumaa." Bibi akamtazama, akamuuliza, "Anakuja nani?"

Mjukuu akarudia, kwa sauti kubwa kidogo, akidhani bibi hakusikia. Bibi alikuwa amesikia vizuri. Akamwambia, "Mwanangu, sema nataka uje. Ukisema kuja, hujaniita mimi. Umeutaja mwendo tu."

Tulipolisikia jibu hili kikaoni tulilinakili kwenye ubao, kwa sababu bibi alikuwa ametoa kanuni nzima kwa maneno machache. Kiingereza kinasema "I want to come" na "I want you to come", na mara zote mbili kinatumia kisokomo kile kile. Kiswahili kinatofautisha. Anayetaka na anayekuja wakiwa mtu mmoja, kisokomo kinatosha: nataka kuja. Wakiwa watu wawili, Kiswahili kinadai mtendaji wa pili atajwe ndani ya kitenzi chake: nataka uje, tunaomba mtusaidie, daktari alimwambia apumzike, walimwita mwalimu aje aone. Lile umbo linaloishia na -e lina kiambishi cha nafsi, kwa hiyo lina mwenyewe. Vipo vitenzi vinavyokubali njia zote mbili, kama alimruhusu aingie na alimruhusu kuingia, au alinisaidia nibebe na alinisaidia kubeba. Lakini "nataka wewe kuja" si Kiswahili cha popote, ni Kiingereza kilichovaa kanga.

Mtelezo wa pili wa kundi hili unatokana na "-ing". Umbo hili moja la Kiingereza linafanya kazi ambazo Kiswahili kimezigawa. "Reading is good for you" ni kazi ya nomino, nasi tunasema kusoma kunafaa, tena tunaipa kusoma upatanisho wake katika ngeli ya KU: kusoma kwako kunatupendeza. "I saw her crossing the road" ni kazi nyingine kabisa, nasi tunasema nilimwona akivuka barabara. Hapa -ki- imekuja, na mbele yake a-. Mwanachama aliyezoea kwamba "-ing" ni ku- atasema "nilimwona kuvuka", na msikilizaji wa Tanga au Mombasa ataelewa, lakini atahisi kuna mtu ameachwa nje ya sentensi. Aliyeachwa ni yule anayevuka.

Tutazame sasa upande wa pili wa ubao. Sentensi zilizokusanywa kutoka kwa wenzetu waliosomea Afrika Mashariki zilikuwa za namna hii: "He was reads the book", "She did not came", "They can sings". Mwalimu asiyejua Kiswahili anaona uzembe. Sisi tuliona kwamba waandishi hawa ni waaminifu mno. Kiswahili kinapounganisha vitenzi viwili, mara nyingi kinataka vyote viwili vitaje mtendaji. Alikuwa anasoma: a- ya kwanza, a- ya pili. Tulikuwa tumekwisha kula: tu- mara mbili. Angekuwa ameondoka: a- mara mbili. Kiswahili cha Bukavu na Goma kinafanya hivyo hata kwa tendo la sasa hivi, niko nasoma, tuko tunaenda. Anayetoka katika lugha inayodai nafsi mara mbili hataridhika kuiona ikitajwa mara moja. Ataiweka tena, na pamoja nayo ataweka na wakati.

Wakazi wa Vaughan watauelewa mfano tulioutumia kikaoni. Zamani, aliyepanda basi la YRT upande wetu na kubadili kwenda TTC alilipa nauli mara mbili. Tangu tarehe 26 Februari 2024, mkoa wa Ontario ulipoanzisha mpango wa nauli moja, unalipa mara moja na safari inaendelea. Kiswahili bado kinatoza nauli kila unapopanda kitenzi kipya. Kiingereza kinatoza mara moja tu, kwenye kitenzi cha kwanza. "He was reading": "was" imelipa nafsi na wakati, "reading" inapanda bure. "She did not come": "did" imelipa jana yote, "come" haina haja ya kuwa "came". "She might have been waiting": "might" imelipa, na visokomo vitatu nyuma yake vinasafiri bila kuulizwa. Aliyeandika "did not came" amelipa mara mbili, wala hakukusudia kuiba. Tangu tuanze kulieleza hivi, tumeona wenzetu wakijisahihisha wenyewe wanapozungumza, huku wakicheka na kusema, "Nimeshalipa!"

Je, lugha yetu imewahi kuwa na desturi ya nauli moja? Tukiuliza historia, jibu linavutia. Kila mwanafunzi wa Kiswahili hujiuliza kwa nini tunasema anakula, alikula, amekula na atakula, zote zikiwa na ku- katikati, ilhali tunasema akila, akala, ale, hula na hali, bila ku-. Hiyo ku- ya anakula inafanya nini ndani ya kitenzi kikomo? Walimu wengi huieleza kwa mkazo wa sauti: shina -la ni fupi mno, na ku- inasaidia kubeba mkazo. Maelezo hayo yana kweli. Lakini wataalamu wa historia ya lugha za Kibantu wanatuonyesha pia kwamba viambishi hivi vya wakati vyenyewe vilikuwa maneno. Ile -ta- ni mabaki ya kitenzi taka: ataka kula, kisha atakula. Ile -na- ni na ya kuwa na kitu: ana kula, yaani yumo katika kula. Ile -li- ni kitenzi cha kuwa, na -me- inahusishwa na kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza. Maana yake ni kwamba vitenzi vikomo hivi tunavyojivunia vilianza kama kikomo kimoja kikifuatwa na kisokomo, sawa kabisa na "wants to eat" ya Kiingereza. Maneno mawili yakashikana, yakawa moja, na ku- ya kisokomo ikabaki ndani yake pale ambapo shina ni fupi. Kila tunaposema anakula tunatamka kisokomo cha kale bila kujua.

Hadi hapa msomaji anaweza kusema hili ni jambo la kufurahisha wanaisimu, wala halimpi mtu ugali. Nasi tungeweza kufikiri hivyo, kama isingekuwa mama mmoja aliyekuja kikaoni akiwa na bahasha.

Mama huyu ni mwenyeji wa Bukavu, na alikuwa akifanya kazi ya usafi zamu ya usiku katika ghala moja hapa Vaughan. Mji huu umejaa maghala, pembeni mwa barabara kuu za 400 na 407 na kuzunguka uwanja mkubwa wa kupangia mabehewa ya treni uitwao MacMillan Yard. Wazazi wengi wa wanachama wetu wamewahi kufanya kazi humo, na baadhi yetu tunafanya wakati wa likizo. Mama aliumia mkono kazini. Akatakiwa aandike maelezo kwa Kiingereza. Mwanawe, kijana wa sekondari mwenye alama nzuri, akamsikiliza na kumwandikia. Sentensi muhimu ilisomeka hivi: "Cleaning the floor, the machine was left on and the hand was injured."

Baada ya siku chache mama aliulizwa swali kwa simu: kwa nini uliiacha mashine inawaka wakati unasafisha? Swali hilo lilimtia kiwewe, kwa sababu hakuwahi kusema kitu kama hicho. Alikuja kwetu akitaka kujua maneno hayo yalitoka wapi.

Tulimwomba atueleze kwa Kiswahili chake, polepole, nasi tuandike. Akasema: "Nilikuwa nasafisha chini. Watu wa zamu ya mchana waliacha mashini inawaka. Mimi sikujua. Nilipoinama, ikanivuta glavu." Tukapigia mstari viambishi vya nafsi. Ni-, aliyesafisha. Wa-, walioacha. I-, mashine iliyokuwa inawaka. Si-, asiyejua. I-, iliyovuta. Hakuna tendo hata moja katika maelezo yake lililokosa mwenyewe. Kisha tukarudi kwenye Kiingereza. "Cleaning" haina nafsi. Nani alikuwa anasafisha? Sentensi haisemi, na kwa kanuni za Kiingereza msomaji huipachika "cleaning" kwenye nomino inayofuata, ambayo ni mashine. Akiona kwamba mashine haiwezi kuwa inasafisha, anajitafutia mwenyewe mtu wa kumfaa. "Was left" ni kikomo, lakini kiko katika kauli ya kutendwa, na waliotenda hawakutajwa. Wale wa- wa zamu ya mchana wamepotea njiani. Msomaji akabaki na mtu mmoja tu katika chumba hicho, mama, na matendo mawili yanayotafuta mwenyewe. Akampa yote mawili.

Kijana hakukosea tahajia hata moja. Shuleni huandika hivyo na husifiwa, kwa sababu mtindo huo unasikika kuwa wa kitaaluma. Na mama hakusema uongo wala hakusahau neno. Ukweli ulipotea katika safari kutoka lugha inayodai mtendaji kwenda lugha inayomruhusu mtendaji kukaa kimya.

Tuliandika upya pamoja naye, sentensi kwa sentensi, tukimsomea kila moja kwa Kiswahili mpaka aseme ndiyo: "I was cleaning the floor. Workers on the day shift had left the machine on. I did not know. When I bent down, it caught my glove." Si Kiingereza cha kujionyesha. Ni Kiingereza ambacho kila kitenzi kikuu ndani yake kina mwenyewe. Tulijua pia mpaka wetu ni upi: sisi ni chama cha lugha, si mawakili. Tulimshauri aipeleke karatasi hiyo, pamoja na ile ya kwanza, kwenye kliniki ya sheria ya jamii, ambako watu wa kipato kidogo katika Ontario hupata msaada bila malipo, na wawili wetu walimsindikiza. Shauri lake bado linaendelea. Tunachoweza kusema ni kwamba karatasi iliyomo sasa ndani ya faili ina maneno aliyoyasema yeye.

Tangu siku hiyo tunasoma matangazo kwa macho mengine. Kiingereza cha ofisi kinapenda visokomo. "Rent to be paid on the first of the month." Ilipwe na nani, kwa nani? "Failure to comply may result in termination." Atakayeachisha kazi hayumo. "No smoking." "No parking." Hakuna anayeamuru wala anayeamriwa. Kiswahili cha ukutani, kinyume chake, kinamwelekea mtu kidole: usivute sigara, usiegeshe gari hapa, na lile tangazo maarufu la kuta za miji yetu, usikojoe hapa, ambalo kiambishi chake cha u- kinamkamata mhusika akiwa bado anafungua zipu. Hata nyumba za Dar es Salaam zenye mgogoro huandikwa "Nyumba hii haiuzwi", kitenzi kikomo kamili chenye kiambishi cha ngeli.

Hata hivyo, tusijipambe kupita kiasi. Katika kikao kilichofuata mwenzetu mmoja kutoka Dar es Salaam alitupinga kwa hoja nzuri. Alisema Kiswahili nacho kinajua kujificha kikitaka. Fungua ukurasa wa michezo: "Simba kuumana na Yanga Jumamosi." Fungua ukurasa wa kwanza: "Waziri kukutana na wafanyakazi." Vichwa vya habari vyetu vimejaa visokomo, sawa na vya Kiingereza. Ofisi zetu pia zimejifunza: "Ni marufuku kuvuta sigara", "Kupiga picha hakuruhusiwi." Na kauli ya kutendwa tunayo; mashine iliachwa inawaka ni Kiswahili safi, na walioiacha wamefichika humo kama walivyofichika katika Kiingereza. Kwa hiyo kitenzi kikomo si dawa ya kila ugonjwa. Tulikubaliana naye. Tofauti tunayoiona ni ya mazoea ya lugha: Kiswahili cha mazungumzo kinamtaja mtendaji bila kuombwa, na anayetaka kumficha analazimika kwenda kutafuta umbo la kumfichia. Kiingereza cha maandishi kinaliweka umbo hilo mkononi mwako tangu shule.

Aliongeza swali ambalo bado halijajibiwa, nasi tunaliacha kwa walimu wetu. Tukisema "Bibi huja Ijumaa", hu- haina nafsi: mimi huja, wewe huja, wao huja, umbo halibadiliki. Tukiamuru "Soma!", hakuna kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Je, vitenzi hivi ni vikomo? Baadhi yetu tunasema ndiyo, kwa sababu vinasimama peke yake kama sentensi kamili, na kusoma pekee hakuwezi. Wengine wanasema kwamba kipimo cha nafsi na wakati kilitengenezwa kwa ajili ya Kilatini, na kwamba waliokileta katika sarufi zetu, tangu Krapf alipochapisha sarufi yake ya Kiswahili mwaka 1850, hadi Steere mwaka 1870 na Ashton mwaka 1944, hawakuwa na sababu ya kufikiria kwanza mahitaji ya mzungumzaji mwenyewe. Mjadala huo ulitutoa ukumbini saa mbili usiku, taa zikizimwa.

Tusikidharau kisokomo pia. Kuna mambo ambayo hayapaswi kuwa na mwenyewe, na wahenga walilijua hilo. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Kutangulia si kufika. Kuuliza si ujinga. Ukizipa methali hizi nafsi na wakati zinakufa: "aliishi sana akaona mengi" ni habari ya mtu mmoja aliyekwisha pita. Kwa kuondoa mipaka, methali inamfaa kila anayeisikia. Ile ya kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, inatumia vyote viwili: kutoa ni kwa wote, kisha u- ya usambe inamgeukia msikilizaji aliyeketi mbele yako. Kiingereza nacho kina "To err is human" na "Seeing is believing". Katika hili lugha zetu mbili zimekubaliana bila kuambiana.

Kwa hiyo tunapendekeza mazoea matatu kwa wanachama, nayo tumeanza kuyatumia. Kwa wanaojifunza Kiswahili: kabla ya kutumia ku-, uliza kama mtendaji wa kitenzi cha pili ni yule yule wa cha kwanza. Kama si yeye, mpe kiambishi chake. Kwa wanaoandika Kiingereza: tafuta neno linalobadilika ukiipeleka sentensi jana, likishapatikana moja, yaliyo nyuma yake yaache bila wakati na bila nafsi. Na kwa sote, tunapowatafsiria wazazi, majirani na wageni karatasi za kazi, za nyumba, za hospitali au za uhamiaji: kabla mtu hajasaini, soma kila kitenzi na uulize swali la bibi. Anakuja nani? Ameacha nani? Amelipa nani? Karatasi isiyoweza kujibu haijawa tayari.

Vikao vya kusaidiana kuandika vinaendelea kila Jumamosi saa nane mchana. Njoo na barua yako, au ya mama yako. Chai ipo, na bibi wa mwenzetu, ambaye sasa anakuja mwenyewe kwa treni kutoka kituo cha Vaughan Metropolitan Centre, huleta vitumbua.